Urafiki wa watoto katika kitabu cha Camara Laye

Wengi wetu tulisoma «L'Enfant noir» cha Camara Laye, kitabu kilichotoka Paris mwaka 1953. Mara nyingi walimu wanasifu mama, baba mufua zahabu na nyoka wake mweusi, kiisha wanapita mbio juu ya masomo ya Kouroussa. Kwangu moyo wa kitabu ni pale.

Wanafunzi wakubwa wanawapiga wadogo na kuwanyanganya chakula na feza. Camara ana rafiki, Kouyaté, mutoto mudogo na zaifu. Rafiki hawezi kuondoa fimbo, lakini wanaongea, wanashauriana, na woga wa mumoja unagawanyika kwa wawili. Mwandishi hahubiri juu ya urafiki. Anatuonyesha wavulana wawili wanaosemezana, basi. Ndiyo maana tunamusadiki.

Tena shauri lao halikubaki kati yao. Kouyaté anamwambia baba yake; mutesaji anaalikwa kuja kula, kiisha anapigwa. (Karamu ya ajabu!) Baba ya Camara naye anakwenda kushindana na mukubwa wa masomo.

Mwaka 1955 Mongo Beti wa Kameruni alilaumu kitabu hiki kwamba kinapamba Afrika na kunyamaza juu ya ukoloni. Ana haki kwa sehemu kubwa. Lakini masomo yale yalikuwa ya wakoloni, na mutoto anateswa pale mbele ya wakubwa. Mutu wa kupamba tu hangeyaandika hayo.

Nilikisoma tena Bangboka, kilometa 17 hivi toka Kisangani, kwenye njia ya Ituri, penye uwanja wa ndege. Watoto wawili walibeba bidoni moja kwa kupitisha fimbo katika mukono wake, wakicheka. Mupita njia anasema: furaha ya watoto! Lakini bidoni ni ya lita 20 ileile, na maji ni mbali vilevile. Camara anaandika kicheko na mapigo pamoja. Sisi wahubiri tunachukua kicheko tu, mbele ya kuuliza nani aliyewabebesha.

Karibu na mwisho, Check, rafiki yao wa tatu, anagonjwa na kufa. Wawili wanakesha kando yake. Pale urafiki hauponyi kitu, na Camara hafichi woga wake. Kurasa zile ni chache, na wengi wanaziruka wakifundisha. Mimi ningeanza nazo.