“Ukusanyaji Takataka”: Istilahi Inayopotosha

Istilahi hii imefasiriwa neno kwa neno. Kinachofanyika hasa ni kurejesha nafasi ya kompyuta isiyotumika tena; John McCarthy, aliyebuni mbinu hiyo kwa ajili ya lugha ya Lisp, katika makala yake ya 1960 aliiita urejeshaji.

Kufunga faili ni jambo jingine. Afisa hurudisha jalada masijala mwenyewe, hamwachii mfagizi. Katika lugha ya Python, mtambo wa CPython kwa kawaida hufunga faili mara rejeo lake la mwisho linapotoweka. PyPy huchelewa, na programu ikikatika ghafla maandishi yasiyofika diskini hupotea. Mwanafunzi aliyeambiwa takataka zitazolewa haoni haja ya kufunga. “Urejeshaji nafasi” haumpi ahadi hiyo. “Urejeshaji kumbukumbu” utachanganywa na nyaraka.