Kidahizo na Namba ya Mkulima: Juu ya Kutafuta Neno katika Kamusi Inayokua

Kusudi la makala haya ni kuhakiki jambo ambalo wahakiki wa kamusi za Kiswahili hulipita upesi, yaani njia ya kulifikia neno katika orodha isiyoacha kukua. Mfano umechukuliwa katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, ambako orodha ya namna hiyo hutumika kila siku na kosa lake huonekana katika fedha.

Mkulima mdogo wa chai aliyeandikishwa ana namba yake. Majani mabichi yakipimwa kituoni, kilo huandikwa kwa namba hiyo, na malipo ya mwezi na bonasi huifuata. Wakulima wapya huongezeka, wengine hufariki na mashamba yao kurithiwa. Lau karani angetafuta kilo kwa kuhesabu mistari ya daftari, jina moja likiingizwa juu lingetosha kumpa mtu jasho la jirani yake. Atumiaye majedwali ya kompyuta anaijua hatari hii vyema. Namba hushikamana na mtu wala si na mahali pake karatasini.

Kamusi hazikufuata kanuni hiyo. Ile ya Johnson ya mwaka 1939 iliyaweka maneno mengi yaliyonyambuliwa chini ya kitenzi chake, hata amtafutaye mchumaji alipaswa kujua kwanza kwamba asili yake ni chuma. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (1981) iliingiza nomino pamoja na kiambishi chake: mchumaji penye M, uchumi penye U. Hapo mwanafunzi Mkipsigis alipunguziwa mzigo, kwani lugha yake ya nyumbani hugeuza mwisho wa nomino (lakwet, mtoto, lagok, watoto) na si mwanzo. Lakini mzigo haukwisha. Akikutana na nyuso, atahangaika penye N bure. Akikutana na kuta za kiwanda, mambo ni mabaya zaidi: penye K atakipata kitenzi kuta, na huenda akaridhika nacho. Afadhali asiyepata kitu, kwa kuwa huyo ataendelea kutafuta.

Tatizo kubwa zaidi limo katika maneno yenye umbo moja. Chuma ni madini. Chuma ni kung'oa jani au tunda. Chuma ni kupata mali, na humo ndimo limetoka neno uchumi. Je, vitenzi hivyo viwili ni neno moja lenye maana mbili, au ni maneno mawili? Kwa mchumaji wa Kericho, anayelipwa kwa kilo, swali lenyewe ni la ajabu, maana akichuma majani ndivyo achumavyo riziki. Mhariri, hata hivyo, hana budi kuamua, na uamuzi wake huonekana katika tarakimu ndogo zinazotofautisha vidahizo. Tarakimu hizo hutolewa kwa mfuatano wa mahali. Mhariri wa toleo jipya akitenga maana moja au kuingiza neno geni, zinazofuata zote husogea. Kamusi ya TUKI imetoka tena mwaka 2004 na 2013, na Kamusi Kuu ya BAKITA ikatoka 2015. Mwalimu aliyeandika katika maelezo yake "chuma, la pili" bila kutaja toleo amewaelekeza wanafunzi mahali tu, nao wenye vitabu vya miaka mbalimbali watafika kwenye maneno mbalimbali.

Ingefaa basi kila kidahizo kipewe namba isiyobadilika, na neno jipya lichukue namba inayofuata ya mwisho hata likichapwa katikati. Ukurasa utakaokuwa na chuma 1, chuma 4, chuma 2 utawaudhi wapendao unadhifu. Hasara hiyo ni ndogo. Gumu ni lile la mhariri anayeunganisha vidahizo viwili vilivyotengwa zamani. Namba iliyoachwa isipewe neno jingine kamwe, bali ibaki mahali pake na alama ya kumpeleka msomaji kwenye ile iliyoipokea.