Ukumbi wa Kaloleni na Ngonjera Isiyokwisha

Majumba ya maigizo yanayotajwa sana katika Afrika Mashariki yalijengwa kwa kazi hiyo tangu msingi: la Nairobi lilifunguliwa 1952, la Kampala 1959. Arusha ina ukumbi wa namna nyingine. Uko Kaloleni, karibu na mnara wenye mfano wa mwenge wa uhuru, nao ulijengwa uwe ukumbi wa ustawi wa jamii. Humo ndimo Halmashauri Kuu ya TANU ilimokutana tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, ikapitisha Azimio la Arusha.

Kwa umbo ni jengo la kawaida, dogo kuliko jina lililolibeba. Udogo huo ndio uzuri wake. Maneno ya kujitegemea yangetamkwa chini ya dari la dhahabu, yangejikana yenyewe.

Tamthilia iliyotoka humo haikutaka pazia wala taa. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi walieneze Azimio, na chombo kilikuwa tayari: ngonjera, ushairi wa majibizano uliokuzwa na Mathias Mnyampala, aliyefariki 1969. Mmoja hajui au anakataa, mwenziwe anamfunza, mwisho wanapatana. Uwanja wa shule ulitosha kuwa jukwaa.

Lakini chombo kilikuwa na ufa. Mpinzani wa ngonjera nyingi alizaliwa ashindwe. Ni nyumba ya mlango mmoja: uingiapo, unajua utakapotokea. Vina na mizani vilitimia. Shaka, ambayo ndiyo roho ya mchezo, haikupewa mkeka wa kukalia.

Jibu lilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar, ikalegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa Arusha. Miaka 24 baadaye mpinzani alipata ubeti wake, na safari hii hakushindwa.

Ukumbi wa Kaloleni umekuwa Makumbusho ya Azimio la Arusha tangu 1977. Mgeni hutazama picha na kusoma kimya. Kuhifadhi ni jambo jema, ila kilichozaliwa humu kilikuwa sauti, na sauti haihifadhiki ukutani. Waitwe malenga wawili, mmoja aseme kwa niaba ya Arusha, mwingine kwa niaba ya Zanzibar, na ubeti wa mwisho usiandikwe kabla. Hapo jengo litajua lilijengewa nini.