Salsa ya Meksiko: Hesabu ya Maji, Ukali na Moto

Salsa ya Meksiko ni mchuzi wa mezani. Huwekwa karibu na mlaji ili ajitilie mwenyewe, kadiri apendavyo, juu ya taco, mayai, maharage au nyama ya kuchoma. Asili yake ni ya kale kuliko kuja kwa Wahispania. Bernardino de Sahagún, mtawa Mfransisko aliyeandika habari za Waazteki katika karne ya 16, aliwataja wachuuzi wa sokoni waliouza michuzi ya pilipili, nyanya na mbegu za maboga zilizosagwa. Vitunguu maji, vitunguu saumu, giligilani na ndimu vilifika baadaye kwa meli za Uhispania. Mkutano huohuo wa mabara ndio uliozaa kachumbari ya Afrika Mashariki, kwani nayo ina nyanya na pilipili za Amerika zilizokutana na kitunguu na ndimu za Ulimwengu wa Kale. Tofauti ni matumizi. Kachumbari huliwa kama saladi kando ya pilau, na maji yake yakibaki chini ya bakuli hayamdhuru mtu. Salsa hubebwa juu ya mkate mwembamba wa mahindi, tortilla, na maji yakizidi mkate hulowa na kukatika mkononi.

Aina zake ni nyingi, lakini zote hutokana na maamuzi machache. Ile mbichi ya vipande, pico de gallo, haioni moto kabisa. Salsa roja hutumia nyanya nyekundu zilizochemshwa au kuchomwa. Salsa verde hutumia tomatillo, tunda la kijani lenye ganda jembamba kama karatasi, ambalo si nyanya mbichi kama wengi wanavyodhani bali ni mmea mwingine wa jamii ileile. Kule Veracruz kuna salsa macha, ya pilipili kavu na karanga zilizokaangwa na kusagwa katika mafuta, isiyohitaji nyanya hata moja.

Takriban asilimia 94 ya uzito wa nyanya mbivu ni maji. Salsa nyingi mbaya zimeharibikia hapo, kabla pilipili haijaguswa. Chumvi ikikutana na nyanya iliyokatwa huvuta maji kutoka ndani ya seli, na vipande vilivyoonekana vikavu vilipowekwa bakulini huelea baada ya robo saa. Mapishi mengi huagiza mbegu na ule ute unaozizunguka vitupwe. Ushauri huo una gharama. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2007 na kumshirikisha mpishi Heston Blumenthal, ulionyesha kwamba ute wa mbegu una asidi ya glutamiki nyingi kuliko nyama ya nyanya, na asidi hiyo ndiyo huleta umami, ile ladha nzito ya supu. Anayetupa ute hutupa ladha pamoja na maji.

Njia bora ni kuchagua nyanya yenye nyama nyingi, kama zile ndefu za jamii ya Roma ambazo Meksiko huzitumia sana na ambazo pia hujaa katika masoko ya Kenya na Tanzania. Zikatwe, zitiwe chumvi, ziachwe kwenye chujio dakika kumi hadi ishirini, kisha zichanganywe na viungo vingine muda mfupi kabla ya kula. Kiasi cha chumvi kinachotosha ni karibu gramu 10 kwa kila kilo ya mchanganyiko. Maji yaliyochujwa yasimwagwe. Yana ladha, na yanafaa kulegezea salsa iliyokaza au kutiwa katika mchuzi mwingine.

Friji nayo ina lawama yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walieleza mwaka 2016 kwamba baridi kali ya siku kadhaa hudhoofisha jeni zinazotengeneza harufu ya nyanya, na harufu hiyo hairudi yote hata nyanya ikitolewa nje. Nyanya ya salsa mbichi ikae kapuni hadi siku ya kukatwa.

Pilipili ndiyo inayoogopwa, ingawa kuitawala ni rahisi kuliko kutawala maji. Ukali wake hutokana na kapsaisini, kemikali inayotengenezwa katika utando mweupe unaoshikilia mbegu ndani ya tunda. Mbegu zenyewe haziitengenezi, bali huipata kwa kugusana na utando huo. Mpishi anayetaka harufu ya pilipili bila moto wake hukwangua utando na kubakiza nyama. Wilbur Scoville, mfamasia wa Marekani, alibuni mwaka 1912 kipimo cha ukali kwa kuichanganya dondoo ya pilipili na maji ya sukari hadi waonjaji wasihisi tena mwasho. Kwa kipimo hicho jalapeño huwa kati ya 2,500 na 8,000, serrano kati ya 10,000 na 23,000, na habanero ya Yucatán hupanda kutoka 100,000 hadi 350,000. Namba hizo ni mwongozo tu. Mmea uliokosa maji shambani kwa kawaida huzaa pilipili kali zaidi, na matunda mawili ya shina moja yaweza kutofautiana. Hivyo huonjwa moja moja kabla ya kutiwa.

Kapsaisini huamsha neva zilezile zinazopokea joto la kuunguza. Ugunduzi wa kipokezi kilicho kwenye neva hizo mwaka 1997 ulichangia kumpatia David Julius Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kwa kuwa kemikali hiyo huyeyuka katika mafuta na si katika maji, parachichi na jibini hupunguza mwasho, ilhali glasi ya maji husaidia kidogo sana.

Ndimu na kitunguu hazihitaji maelezo marefu. Ndimu hukamuliwa mwishoni, kwa sababu harufu yake hupotea haraka. Kitunguu maji kikikatwa hutoa kemikali za salfa zinazozidi nguvu kadiri kinavyokaa, kwa hiyo huoshwa kwa maji baridi au hulowekwa kidogo kwenye ndimu na chumvi. Giligilani, au dania kama inavyoitwa na wengi Kenya, hukatwa na vijiti vyake vyororo. Kwa baadhi ya watu majani hayo yana ladha ya sabuni, jambo linalohusishwa na jeni ya kunusa, na kwa mlaji wa namna hiyo hakuna ufundi wa mpishi utakaosaidia.

Namna ya kusaga hubadilisha salsa kuliko watu wengi wanavyokiri. Chombo cha jadi ni molcajete, kinu cha jiwe la volkano chenye miguu mitatu, na mchi wake, tejolote. Huanza kitunguu saumu, pilipili na chumvi ya mawe, ambayo punje zake husaidia kusaga, hadi viwe uji mzito. Nyanya huja mwisho na hupondwa kidogo tu, ili mabonge yabaki. Mchi hubana na kupasua seli, hivyo mafuta ya pilipili na saumu hutoka kabla maji ya nyanya hayajaingia. Blenda hukata kila kitu kwa pamoja na kupiga hewa ndani. Salsa hutoka na povu, rangi yake hupauka, na ladha zake zote hufika ulimini kwa wakati mmoja. Anayelazimika kutumia blenda aiwashe na kuizima kwa vipindi vifupi, na nyanya zitiwe mwisho.

Moto hutatua tatizo la maji kwa njia yake. Nyanya, pilipili na saumu lisilomenywa huwekwa juu ya comal, bamba la chuma au udongo linalofanana na kikaango cha chapati, bila mafuta, na kugeuzwa hadi maganda yawe na mabaka meusi. Maji huvukiza, sukari huungua kidogo, na joto hukizima kimeng’enya kinacholipa saumu ukali wake, likabaki na utamu. Pilipili kavu huhitaji sekunde chache tu, kwani ikiungua huleta uchungu usioondoka. Salsa verde ina tabia ya kinyume. Tomatillo ina pektini nyingi, kwa hiyo ikipikwa na kupoa huganda, na hapo mpishi huongeza maji badala ya kuyapunguza.

Hesabu hizi zote zilibadilika salsa ilipoingia kiwandani. David Pace alianza kuuza mchuzi wake wa pilipili mjini San Antonio, Texas, mwaka 1947. Soko lilipanuka pamoja na jamii ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko, mikahawa ya Texas na chipsi za mahindi za pakiti. Doritos zilianza kuuzwa kote Marekani mwaka 1966, na chipsi kavu huhitaji kitu cha kuchovya. Salsa ilikuwa na faida nyingine pia, kwani karibu haina mafuta, na wanunuzi wengi wa miaka ya 1980 waliyaogopa mafuta. Mwaka 1991 mauzo yake katika maduka ya Marekani yaliipita tomato sosi kwa takriban dola milioni 40. Ushindi huo ulihesabiwa kwa fedha, si kwa uzito, na chupa ya salsa ilikuwa ghali zaidi. Hata hivyo biashara ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1995 kampuni ya Campbell iliinunua Pace kwa zaidi ya dola bilioni moja.

Ili salsa ikae rafuni bila friji, asidi yake lazima iwe ya kutosha, yaani pH isizidi 4.6, ili bakteria wa botulizimu wasiote. Nyanya huwa karibu na mpaka huo, na vitunguu na pilipili huusogeza upande wa hatari, kwa hiyo siki huongezwa na mchanganyiko hujazwa chupani ukiwa moto sana. Kloridi ya kalsiamu huzuia vipande vya nyanya visilegee. Bidhaa inayopatikana ni salama na haibadiliki kutoka chupa hadi chupa, lakini harufu ya giligilani imekwisha, ndimu imegeuka siki, na nyanya ina ladha ya kupikwa. Ni mchuzi halali, ila ni jamaa wa mbali wa pico de gallo.

Ile mbichi nayo ina hatari yake. Mwaka 2008 zaidi ya watu 1,400 nchini Marekani waliugua kwa salmonela. Nyanya zilishukiwa kwanza na wakulima wake wakapata hasara kubwa, kabla uchunguzi haujaelekea kwenye pilipili za jalapeño na serrano kutoka Meksiko. Kosa hilo lilieleweka kirahisi, kwani aliyekula salsa alikuwa amekula nyanya na pilipili katika tonge moja. Kukata huingiza ndani vijidudu vilivyo kwenye ganda, na hakuna moto wa kuviua baadaye. Kwa sababu hiyo mboga huoshwa zikiwa nzima, bakuli kubwa huhifadhiwa kwenye baridi na kupakuliwa kidogo kidogo, na salsa iliyokaa mezani zaidi ya saa mbili hutupwa.