Programu Ikikataa Kuwaka Kwenye Seva Mpya: Uchunguzi Uanzie Wapi?

Agosti 2022 Heroku, jukwaa linalomilikiwa na Salesforce, lilitangaza kwamba huduma zake za bure zingeanza kuondolewa tarehe 28 Novemba mwaka huo. Waliokuwa na miradi yao humo bila malipo walibaki na mawili: kulipa au kuhama. Uhamaji wa namna hiyo huzaa kisa kilekile kila mara. Programu iliyokuwa ikifanya kazi jana leo haiwaki, na mwenyewe anaapa hajagusa hata mstari mmoja wa msimbo. Mara nyingi anasema kweli, na hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Kilichobadilika ni yale ambayo jukwaa la zamani lilikuwa likiyafanya kimyakimya, bila kuandikwa popote: poti ya kusikiliza, siri za hifadhidata, toleo la lugha ya programu, amri ya kuwashia. Kwa hiyo anayekimbilia kuhariri msimbo anatafuta mahali pasipo na kosa. Jibu liko katika hatua za uwakaji zenyewe, zikifuatwa moja baada ya nyingine.

Katika uchunguzi huu kivinjari ni shahidi dhaifu. Ujumbe wa 502 unaoonekana kwenye skrini hautoki kwa programu. Unatoka kwa proksi iliyo mbele yake, kwa mfano Nginx, inapokosa jibu linaloeleweka kutoka nyuma. Programu iliyokufa kwa kukosa nenosiri la hifadhidata, iliyokufa kwa uhaba wa kumbukumbu, na iliyo hai lakini inasikiliza poti nyingine, zote zinaweza kumfikia mtumiaji kwa sura hiyo moja. Ndiyo maana maswali yafaa yaanzie ndani yakielekea nje: mchakato ulianza? Uliendelea kuishi? Unasikiliza wapi? Unaifikia hifadhidata? Kila swali lina ushahidi wake kwenye logi. Mchakato unapokufa kwenye Linux huacha namba. 127 kwa kawaida humaanisha amri iliyotajwa haikupatikana. 137 humaanisha mchakato umeuawa kwa ishara namba 9, mara nyingi kwa sababu umevuka kiwango cha kumbukumbu ulichopewa. Kwa nje matatizo haya mawili hayatofautiani, lakini la kwanza linataka kurekebisha amri ya kuwashia, na la pili linataka kupunguza mzigo au kuongeza kumbukumbu.

Swali la tatu, la wapi programu inasikiliza, ndilo linalopotosha wengi, kwa kuwa hapo logi haionyeshi kosa lolote. Chukua programu iliyokuwa kwenye seva moja ya kukodi, ikisikiliza anwani 127.0.0.1 na poti 8000, huku Nginx ikiwa kwenye mashine hiyohiyo na kuipelekea maombi. Mpangilio huo ni sahihi, tena ni salama, kwa maana hakuna wa nje anayeweza kuifikia programu moja kwa moja. Ihamishie kwenye jukwaa la kontena, ambako proksi iko nje ya kontena, na anwani ileile inakuwa ukuta. Programu itaandika kwamba imewaka, nayo haitasema uongo, ila ni kama mtu anayesikia hodi ya chumbani tu na hana habari na mlango wa barazani. Dawa ni kusikiliza 0.0.0.0, na kuisoma poti kutoka kwenye kigeu cha PORT badala ya kuiandika moja kwa moja ndani ya msimbo. Cloud Run ya Google kwa kawaida hutumia 8080, Render hutumia 10000, na Heroku hutoa namba yake yenyewe kisha huipa programu sekunde 60 iwe imeanza kusikiliza, la sivyo huizima.

Wapo watakaopinga kwamba wakati mwingine msimbo wenyewe ndio wenye kosa. Ni kweli, lakini hata hapo uhamaji huwa umelifichua tu. Seva mpya husakinisha maktaba upya, na kama matoleo hayakufungwa, huchukua mapya zaidi. Maktaba ya hifadhidata ya SQLAlchemy 1.4, iliyotoka Machi 2021, iliacha kuikubali anwani ya hifadhidata inayoanza kwa postgres:// ikataka postgresql://. Mradi ulioishi miaka kadhaa na toleo la 1.3 ungeweza kuanguka siku ya kuhama kwa herufi mbili tu. Vivyo hivyo, anayetoka kwenye seva ya Windows kwenda Linux atagundua kwamba Picha.js na picha.js sasa ni mafaili mawili tofauti. Makosa haya hurekebishwa ndani ya mradi, lakini hugunduliwa kwa kusoma kosa la kwanza kwenye logi. Mengi yanayofuata chini yake ni matokeo yake tu.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la Docker: ukifunga kila kitu ndani ya kontena, tofauti za mazingira hazikuhusu tena. Kontena hubeba mafaili na maktaba, na hilo ni msaada mkubwa. Halibebi thamani za siri, ruhusa za mtandao, kiwango cha kumbukumbu wala aina ya prosesa. Taswira ya kontena iliyojengwa kwenye Mac yenye chipu ya M1 kwa usanifu wa ARM, ikipelekwa kwenye seva ya x86 isiyo na kiigizaji, hukataa kabla mstari wa kwanza wa msimbo haujasomwa. Wengine husema ni afadhali kurudi kwenye seva ya zamani. Kwa ajili ya wateja, rudi, tena haraka. Ila kurudi hakukuelezi kilichokosekana, na kesho utahama tena na upungufu uleule.

Kabla ya kuhama, basi, andika kila kitu ambacho programu inakitegemea nje ya msimbo wake: vigeu vya mazingira, poti, matoleo, amri ya kuwashia na kumbukumbu inayohitajika. Ikigoma kuwaka, badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, na usibadilishe lolote kabla hujasoma logi.