Kilima cha Waddington: picha nzuri, lakini tulipewa nusu yake

Bandugu na dada zetu wa chama, leo niongelee picha moja tu. Wengi wetu tuliikuta kwenye kozi ya biolojia: mpira mdogo juu ya kilima, na chini yake mabonde yanayogawanyika. Mpira njo seli changa. Ikishuka bonde hili inakuwa ya ngozi, ikishuka lile inakuwa ya ubongo. Aliichora Mwingereza Conrad Waddington katika kitabu The Strategy of the Genes, mwaka 1957.

Alikuwa anajibu swali kubwa: kama karibu seli zote za mwili ziko na jeni zile zile, tofauti inatoka wapi? Picha yake inaonyesha vizuri kwamba tofauti inakuja hatua kwa hatua. Hapo namupa heshima yake.

Lakini iko na shida tatu. Kwanza, mpira uko peke yake. Seli ya kweli inagawanyika, na inapokea ishara toka kwa majirani.

Pili, kilima hakisogei. Angalia gamba la ubongo wa mamalia: seli mama zinazaa kwanza neuroni za tabaka za ndani, kisha za tabaka za juu, na baadaye seli zinazotunza neuroni. Ukoo ni ule ule, lakini saa ya kuzaliwa inabadilisha mtoto.

Tatu, mteremko unatuambia hakuna kurudi. Sisi wa agronomia tunaonaka kinyume kila msimu: kipande cha mti wa muhogo kinatoa mizizi mipya. Hata kwa wanyama, mwaka 2006 Takahashi na Yamanaka walichukua seli za ngozi ya panya, wakaingiza jeni nne tu, zikarudia hali ya uchanga.

Sasa, Waddington mwenyewe alichora picha ya pili: kilima kikionekana toka chini. Kuna vigingi, njo jeni, na kamba zinazovuta ardhi ya juu. Vuta kamba, bonde linabadilika. Hiyo njo picha yenye maelezo, na hiyo njo mara nyingi haituonyeshwi.

Hasara yake si ndogo. Mwaka ule ule wa 1957, Skoog na Miller walionyesha kwa tishu za tumbaku kwamba oksini ikizidi kinetini mizizi inatoka, na kinetini ikizidi machipukizi yanatoka. Hizo njo kamba, zinavutwa kwa mkono. Miche ya migomba ya maabara inategemea kanuni hiyo. Mwanafunzi mwenye picha ya kwanza tu atakariri dozi za homoni kama sala; siku miche itakataa kutoa mizizi, hatajua aguse nini.

Wenzangu munaofundisha, musiitupe ile picha. Lakini mukiichora ubaoni, muchore na upande wa chini.