Usawa Unatafutwa Vihambani, Si Kileleni

Waongozaji wa watalii katika Mlima Kilimanjaro wana kipimo kimoja kisichohitaji mashine. Mpandaji ambaye kichwa kinamuuma na maneno yameanza kumpotea huambiwa atembee kwenye mstari mnyoofu, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akipepesuka anashushwa papo hapo, hata kama ni usiku wa manane, kwa sababu kupepesuka huko ni dalili kuu ya ubongo kuvimba kwa kukosa oksijeni. Kipimo hichohicho hutumika hospitalini kumpima mtu aliyefanyiwa upasuaji wa uvimbe wa ubongo, akapigwa mionzi na kumaliza dawa. Naye hupepesuka, ila kwa sababu nyingine kabisa. Kwa hiyo tuna watu wawili wanaofeli mtihani mmoja, na tiba zao zinapishana: wa kwanza aondolewe mlimani haraka, wa pili apelekwe kwenye mteremko. Hoja ya makala haya ni juu ya huyu wa pili. Nasema kwamba mazoezi ya nje, yakipangwa kwa kipimo kama dawa inavyopangwa, ni tiba halisi ya usawa wa mwili, na kwamba ukanda wa vihamba, yaani mashamba ya migomba ya Wachaga, kati ya Moshi mjini na malango ya hifadhi una karibu kila kitu ambacho tiba hiyo inahitaji.

Tuanze na kilichoharibika. Mwili husimama kwa kutegemea mashahidi watatu. Macho huona ukuta, mti na upeo. Kiungo cha usawa kilichomo ndani ya sikio huhisi kichwa kinapogeuka na kinapoinama. Neva za nyayo, vifundo na magoti huleta habari za ardhi. Serebelamu, ule ubongo mdogo wa kisogoni, hulinganisha ushahidi huo kwa kila hatua na kurekebisha misuli kabla mtu hajatambua kwamba alikuwa anaanguka. Uvimbe na tiba yake vinaweza kuharibu kila sehemu ya mpango huu, tena kwa pamoja. Meduloblastoma, ambayo huwapata zaidi watoto, huota kwenye serebelamu yenyewe. Shwanoma ya neva ya usikivu na usawa hukua polepole juu ya neva inayotoka sikioni, na mara nyingi kuiondoa ni kuipoteza kazi ya usawa ya upande huo. Sisplatini, dawa ya saratani, huharibu chembehai zenye vinyweleo katika sikio la ndani. Vinkristini, nayo dawa ya saratani, hutia ganzi nyayo. Deksamethasoni, ikitumiwa kwa wiki nyingi kupunguza kuvimba kwa ubongo, hulegeza misuli ya mapaja na nyonga, ndiyo maana mgonjwa hushindwa kuinuka kwenye kigoda ingawa miguu inaonekana mizima. Neno “kizunguzungu” likiandikwa peke yake kwenye faili halimsaidii mtu huyu. Aliyepoteza sikio moja anahitaji zoezi tofauti na aliyepoteza hisia za nyayo, na wote wawili wako mbali na yule ambaye msuluhishi mwenyewe, serebelamu, ndiye aliyejeruhiwa.

Jinsi tiba ya mazoezi ilivyobuniwa inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu tangu mwanzo ilikuwa na michezo ndani yake. Katika miaka ya 1940 huko Uingereza, daktari wa upasuaji wa masikio Terence Cawthorne na daktari wa kurejesha afya F. S. Cooksey walikuwa wakiwahudumia askari walioumia vichwa vitani pamoja na watu waliopasuliwa sikio la ndani. Waliona kwamba walioanza kujongea mapema walipona haraka kuliko waliolala kimya wakingoja kizunguzungu kiishe. Wakapanga ngazi. Kwanza kitandani: macho huenda juu na chini, kisha upande kwa upande, taratibu halafu kwa kasi; kisha kichwa nacho. Baadaye kukaa, kuinama na kuokota kitu sakafuni. Baadaye kusimama, macho wazi na macho yakiwa yamefumbwa, na kurusha mpira mdogo kutoka mkono hadi mkono juu ya usawa wa macho. Mwishoni mgonjwa anatembea, anapanda na kushuka mteremko, anapanda ngazi, anazunguka mtu aliyesimama katikati huku wakirushiana mpira, na anacheza mchezo wowote wa kuinama, kujinyoosha na kulenga shabaha. Kila hatua ya ngazi hii imekusudiwa kuleta kizunguzungu kidogo. Hapo ndipo siri ya tiba ilipo: ubongo hujisahihisha kwa kuliona kosa. Sikio moja likinyamaza, ubongo utajifunza kumwamini zaidi shahidi aliyebaki, lakini ni pale tu kichwa kinapogeuka na picha machoni ikayumba. Anayekaza shingo na kutazama vidole vyake siku nzima ili asihisi vibaya anaunyima ubongo somo lake.

Kwa nini basi atoke nje, kama ngazi hii inawezekana kwenye ukumbi wa hospitali? Jibu liko kwenye ardhi. Sakafu ya saruji hutoa swali moja, na baada ya siku kadhaa mwili umekariri jibu lake. Huko Oregon, Marekani, mwaka 2005, Fuzhong Li na wenzake walichapisha jaribio la watu 108 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Kundi moja lilitembea kwenye mikeka iliyotengenezwa mfano wa njia ya mawe ya mtoni kwa wiki 16, jingine likatembea kwa kawaida. Wa kwenye mawe waliimarika zaidi kwa usawa, na hata shinikizo la damu likapungua. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2013, ulipima gharama ya kutembea kwenye uso wenye matuta ya sentimita 2.5 tu: nguvu zilizotumika ziliongezeka kwa asilimia 28 hivi. Takwimu hiyo ina pande mbili. Inaonyesha kazi ya ziada inayofanywa na vifundo, magoti na nyonga, na inamwonya mwenye kupanga zoezi kwamba mtu aliyedhoofishwa na mionzi atachoka mapema, hivyo dakika kumi za njia ya mawe zisihesabiwe sawa na dakika kumi za lami.

Sasa uitazame Moshi kwa jicho hilo. Msitu wa Rau uko tambarare, una kivuli na mizizi iliyotokeza juu ya udongo: ni mahali pa kuanzia kwa aliyekwisha kuweza kutembea bila kushikwa. Barabara za upande wa Shanty Town zina mwinuko mdogo na uso laini, kwa hiyo hapo unabadilisha kitu kimoja tu, mteremko, na ardhi inabaki ileile. Ukipanda kuelekea Uru, Kibosho au Old Moshi, unaingia vihambani. Njia ni nyembamba, udongo wa volkano, majani ya migomba yanaficha na kufichua upeo, na kila mara unavuka mfongo, mfereji ule wa kumwagilia maji ambao Wachaga wameuchimba na kuutunza kwa vizazi. Kuvuka mfongo ni zoezi kamili: simama, pima kwa macho, hamisha uzito kwenye mguu mmoja, vuka, tua. Kivuli cha migomba kina kazi yake pia. Mwanga unaochezacheza humfanya shahidi wa macho asiaminike sana, na sikio pamoja na nyayo hulazimika kusema. Hospitalini wataalamu hulitafuta jambo hilo kwa kumfumba mgonjwa macho na kumsimamisha kwenye sponji.

Na michezo ipo. Yule mtu wa katikati anayerushiwa mpira katika ngazi ya Cooksey ni ndugu wa karibu wa mchezo wa rede, ambapo wawili wanarusha na wa katikati anakwepa, anainama, anageuka ghafla. Kwa mtoto aliyetibiwa uvimbe, rede inayochezwa polepole kwa mpira wa soksi ni dawa ya kugeuza kichwa ambayo hataikataa, na siku ya tatu hatahitaji kubembelezwa. Kuhusu kubeba mzigo kichwani nina tahadhari. Wengi huutaja mkungu wa ndizi juu ya kata kama ushahidi wa usawa wa hali ya juu, na ni kweli. Mwaka 1986 watafiti waliowapima wanawake wa Kijaluo nchini Kenya waliona kwamba wanaweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wao kichwani bila kutumia nguvu za ziada. Lakini ufundi huo unategemea kukituliza kichwa, na mgonjwa wetu anahitaji kwanza kukigeuza. Mzigo wa kichwani unakaza shingo ambayo tayari imekazwa na hofu. Uje mwishoni, au usije kabisa.

Pingamizi la kwanza hutoka nyumbani, nalo linatokana na upendo: mgonjwa apumzike. Familia imeuza ng'ombe, imesafiri zaidi ya kilomita 500 kwenda kupata mionzi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na sasa imrudishe mtu wao kwenye tope? Hofu hiyo ina msingi. Dawa za jamii ya deksamethasoni hupunguza uimara wa mifupa, na udongo wa vihamba wakati wa masika unateleza kama sabuni. Hata hivyo kuanguka hakuzuiwi kwa kukaa. Misuli ya mapaja inayolegea kwenye kiti ndiyo itakayoshindwa kumshika usiku anapokwenda chooni bila mtu. Kinachozuia ni mpangilio: msaidizi anatembea upande ulio dhaifu na kwa chini ya mteremko, mkanda wa kitambaa imara umefungwa kiunoni ili ashikwe hapo badala ya mkononi, fimbo ndefu iko mkono wa pili, na kushuka kunahesabiwa kuwa kugumu kuliko kupanda, kwa hiyo kunaanza baadaye. Wapo ambao wasianze kabla daktari hajaruhusu: mwenye degedege ambalo halijatulia, mwenye mpira wa kutoa maji kichwani ambaye maumivu ya kichwa yamebadilika, au mtu ambaye kupepesuka kwake kumezidi ghafla. Huyo wa mwisho arudi hospitali, kwa sababu uvimbe unaweza kuwa umerejea.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kisayansi. Ushahidi mwingi wa mazoezi ya usawa umetokana na wagonjwa wa sikio, ambao serebelamu yao ni nzima na inaweza kujifunza. Tutamfundishaje mtu ambaye kiungo chenyewe cha kujifunzia ndicho kilichokatwa? Mwaka 2009 Winfried Ilg na wenzake nchini Ujerumani walichapisha matokeo ya wagonjwa 16 ambao serebelamu zao, au njia za neva zinazoelekea huko, zilikuwa zikiharibika kwa maradhi. Walifanya mazoezi ya kuratibu mwili kwa wiki nne, na mwendo wao ukaimarika, ingawa waliokuwa na kasoro ya njia za neva walinufaika kidogo kuliko wengine. Kama ubongo unaoendelea kuharibika unajifunza, nina sababu ya kutarajia angalau kiasi hicho kutoka kwa ule uliojeruhiwa mara moja na kuachwa upone. Huko Toronto nako, watoto wasiozidi 30 waliokuwa wamepigwa mionzi kichwani walishiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2017. Baada ya wiki 12 za mazoezi ya kutoa jasho, picha za ubongo zilionyesha mabadiliko mema kwenye nyuzi zinazounganisha sehemu zake. Ni majaribio madogo. Yananitosha kusema kwamba tiba ijaribiwe kwa uangalifu, na hayatoshi kumwahidi mtu kwamba atatembea kama zamani.

Wengine watauliza: watu wa Uru na Marangu wanapanda miteremko hiyo kila siku, mbona wagonjwa wao hawaponi kwa hilo tu? Kwa sababu mgonjwa akiachwa peke yake huchagua njia isiyomyumbisha. Huacha kugeuza kichwa, hupanua miguu, hutazama chini, hushika kila ua. Maisha ya mteremkoni bila kipimo humfundisha kukwepa. Kinachoibadili njia ileile kuwa tiba ni maelekezo: hatua 20 ukitazama mgomba wa kushoto, hatua 20 wa kulia, na kizunguzungu kitakachokuja kiwe kimetulia ndani ya robo saa hivi. Kikizidi hapo, kipimo cha kesho kipunguzwe.

Linabaki swali la kilele, kwa kuwa Kilimanjaro huwavuta watu wenye ushuhuda. Erik Weihenmayer, asiyeona, alifika juu mwaka 1997. Kyle Maynard, aliyezaliwa na mikono na miguu isiyokamilika, alifika mwaka 2012 kwa kutambaa. Ninawaheshimu bila kusita. Lakini Weihenmayer alikosa shahidi mmoja na Maynard alikosa viungo. Msuluhishi kisogoni alikuwa mzima kwa wote wawili. Maradhi ya mwinuko huanza kuwapata watu kuanzia mita 2,500 hivi, na kituo cha kwanza cha njia ya Marangu, Mandara, kiko mita 2,700. Ukimpandisha huko mtu ambaye tayari anapepesuka, umemnyang'anya mwongozaji kipimo chake hicho: hatajua kama mguu unayumba kwa kovu la zamani au kwa ubongo unaovimba usiku huu. Vihamba viko chini ya mita 1,800 hivi, na huko kipimo bado kinasema kweli.

Kazi iliyobaki ni ya karatasi moja. Hospitali ya KCMC imekuwepo Moshi tangu 1971 na imefundisha fiziotherapia kwa miongo kadhaa, kwa hiyo wa kuiandika karatasi hiyo hawatafutwi mbali. Barua ya kumrudisha mgonjwa nyumbani itaje shahidi yupi ameharibika, aina ya ardhi ya kuanzia, dakika ngapi, mara ngapi kwa wiki, mteremko lini, kushuka lini, nani anamshika na wapi. Na kwa miezi ya masika, Machi hadi Mei, iandikwe wazi kwamba mteremko unasimama na zoezi linahamia barazani, kwenye ngazi za nyumba, mpira wa soksi ukirushwa juu ya usawa wa macho hadi njia ikauke.